Jeli ya Buluu na Maziwa ya Mariamu

Diane, mkuu wa maabara yetu, ameniomba niandike kurasa chache kwa ajili yenu mnaoanza kazi. Amesema nisiingie kwenye vyeo wala mishahara. Hapo amenirahisishia sana, kwa sababu cheo nilikuwa nacho kimoja tu tangu siku ya kwanza hadi nilipokabidhi funguo: fundi wa maabara. Mengine yote nitayasema, na mkiona nafurahi kupita kiasi mnivumilie. Kazi hii ilinichekesha kwa zaidi ya miaka ishirini, na sioni kwa nini niache kucheka eti kwa sababu nimestaafu.

Mimi ni Zaina, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa Rwezamenyo, hapa Kigali. Nyumbani tulikuwa wasichana wawili, dada yangu Mariamu na mimi. Mariamu alirithi duka la maziwa la mama yetu kwenye mtaa wa Gitega. Mimi nilisoma kemia kidogo, kisha nikaajiriwa kuosha vyombo vya kioo na kupima dawa katika maabara ya Docteur Anselme. Docteur alikulia Bukavu na kusomea kemia kwa Kifaransa. Alipogundua kwamba kwetu tunaongea Kiswahili alifurahi mno, na tangu hapo Kiswahili chake cha Bukavu kikawa lugha ya meza yetu.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya vilivyonibana. Docteur hakunionyesha ofisi wala choo. Alinionyesha kipande cha jeli, kiangavu, ukubwa wa kifungo cha koti, kimelala ndani ya maji baridi. Ilibidi niiname ndipo nikione. Kisha akamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa yake ya chai. Kile kifungo kikawa cheupe pepepe na kusinyaa mbele ya macho yangu. Akakirudisha kwenye maji baridi, kikatanuka tena hadi kikapotea machoni.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, Docteur. Kimekufa, halafu kikafufuka."

"Hapana kufa. Iko inasikia joto, inajifunga. Ikisikia baridi, inajifungua. Haina ubongo, haina umeme, haina mutu wa kuiambia. Toa mukono."

Nikatoa mkono. Akaniwekea kile kipande kiganjani, nikafumba vidole, nikafumbua, nikakuta kimeingia ukungu. Joto la mwili wangu mwenyewe! Nilipiga ukelele hadi mlinzi akaja mbio kuuliza nani ameumia. Docteur akamjibu kwamba hakuna aliyeumia, ni mfanyakazi mpya, anaelewa haraka. Baada ya hapo akanionyesha sinki lililojaa vyombo vichafu, na hapo ndipo ajira yangu ilipoanza rasmi.

Kwa wale ambao bado hamjaishika vizuri, niwaeleze jeli yetu kama baba yangu angeieleza. Chukua kemikali yenye chembe ndogo ndogo zinazopenda kushikana. Zikishikana zinakuwa nyuzi ndefu, na hizo ndizo tunaziita polima. Ongeza kiungio, ambacho kazi yake ni kushona uzi mmoja na mwenzake. Ukishona mara chache, kitambaa kinavutika na kunywa maji mengi, lakini kinachanika kwa urahisi. Ukishona mara nyingi, kinakuwa kigumu na hakinywi kitu. Ukichagua nyuzi zinazopenda maji leo na kuyachukia kesho, kwa sababu ya joto au uchachu, basi umepata jeli inayoitikia mazingira yake. Hiyo ndiyo sayansi yote. Mambo mengine ni kuosha vyombo.

Adui yetu mkubwa alikuwa hewa. Hewa ya kawaida, hii tunayovuta, ikiingia kwenye mchanganyiko nyuzi hazishikani, na unabaki na kikombe cha maji ya bei ghali. Ndiyo maana tunapitisha naitrojeni mpaka hewa itoke. Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa na haraka. Nilipitisha naitrojeni dakika tano badala ya thelathini, nikafunika, nikakaa kusubiri jeli. Kutwa nzima nilikuwa naitikisa chupa, na kutwa nzima chupa ilinijibu kwa kuchezacheza. Docteur alipita mara tatu akiitazama. Saa ya kutoka ndipo aliposema, "Zaina, hii kitu haijakataa kazi. Ni weye ulikataa kungojea." Niliona aibu, kisha nikacheka, kisha nikapitisha naitrojeni dakika arobaini ili nijisikie vizuri.

Lakini kisa ninachotaka mkishike ni cha chupa ya shingo nyembamba, kwa sababu bila hicho hakuna kisa cha maziwa.

Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa na kipande kikavu cha jeli ya aina nyingine, ile ambayo nyuzi zake zimejaa asidi na ambayo hunywa maji bila aibu. Bika zote, vile vikombe vya kioo vya maabara, zilikuwa chafu, na mwenye kuziosha alikuwa mimi, kwa hiyo nilikuwa najua zilivyo chafu. Nikachukua chupa yenye shingo nyembamba, nikadondosha kile kipande ndani, nikajaza maji safi, nikaenda nyumbani. Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mtaa. Mtaa mzima tulikuwa mitaroni na majembe, maabara imefungwa. Jumapili hakuna kazi. Jumatatu nafika, jeli imejaa chupa nzima! Imevimba imekuwa nono, imebana kioo pande zote, na shingo ya chupa ni kama kidole changu. Na ile ndiyo ilikuwa chupa moja nzuri tuliyokuwa nayo.

Nilijaribu kuivuta kwa kibanio, ikakatika. Nikajaribu kuigeuza chupa na kuipigapiga makalio, kama mkunga anavyompiga mtoto mchanga ili avute pumzi. Docteur aliingia, akaitazama, akakaa kwenye kiti na kucheka hadi akavua miwani. Kisha akafungua kibweta chake cha chakula, akatoa kijikaratasi cha chumvi aliyokuwa amefunga kwa ajili ya mayai yake ya kuchemsha, akaikoroga kwenye maji, akanipa.

"Mimina," akasema. "Chumvi itaingia kwa nyuzi, itaifunga. Itakuwa mudogo."

Nikamimina. Kufika saa sita jeli ilikuwa imenywea, ikateleza shingoni na kutoka yenyewe. Docteur akala mayai yake bila chumvi. Nikaandika kwenye daftari langu: *Hii aina inaogopa chumvi.* Nikapiga mstari chini yake. Kisha nikasahau kabisa kwamba nimeandika, kama mtakavyosahau na ninyi.

Miaka ikaenda. Tulitengeneza jeli za joto, za uchachu, za mwanga. Nyingi hazikufanya kitu chochote, na hizo hatukuwaita wageni kuzitazama. Wageni waliitwa kwa ile ya kiganjani. Siku moja mgeni mmoja wa heshima alipewa soda baridi mlangoni, akaishika muda wote wa hotuba, na tulipomwekea jeli mkononi haikubadilika hata kidogo. Tulisimama tukitabasamu. Docteur akamwomba asugue viganja, mheshimiwa akasugua mbele ya ujumbe wake wote, na jeli ikawa nyeupe. Alituomba arudie mara nne.

Docteur alipostaafu, Diane akashika nafasi yake. Alikulia Kampala, ni mwepesi wa akili, na tangu siku ya kwanza ananiita Tantine, yaani shangazi. Ana kasoro moja tu: ni Mnyarwanda asiyekunywa maziwa. Ya moto hanywi, na ikivuguto, yale ya kuganda ambayo mji huu unayanywa asubuhi na jioni, akiyaona anasogeza kiti nyuma. Kwa hiyo mlicheke shauri lake kama nilivyolicheka mimi: Diane aliamua kwamba tutengeneze jeli ya kupima maziwa.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri. Maziwa yakianza kuharibika yanachacha. Jeli ya nyuzi zenye asidi hunywea ikikutana na uchachu. Basi mwenye duka achote maziwa kidogo kwenye kisahani, atumbukize kipande chetu, na kikinywea ajue kwamba maziwa hayafai. Tulifanya kazi hiyo miezi saba. Ndani ya maabara, kwenye maji tuliyoyachachua kwa siki, jeli ilitii kila amri. Diane alikuwa anaimba korido nzima. Nikamwambia twende tukaijaribu kwa dada yangu Gitega.

Tulifika asubuhi, maziwa yametoka kukamuliwa, bado yana joto. Mariamu akachota kwenye kisahani cha kioo. Diane akatumbukiza jeli. Tukainama wote watatu. Mbele ya macho yetu kile kipande kikaanza kunywea, na hakikuacha mpaka kikawa kama punje ya dengu.

"Eh!" Mariamu akasema. "Hii kitu yenu iko inasema maziwa yangu mbovu? Imetoka kwa ng'ombe asubuhi hii!"

"Mama Mariamu, samahani," Diane akasema, "labda tujaribu tena?"

Tukajaribu tena. Jeli ikayahukumu tena. Diane akatoka nje kupiga simu maabara, uso umemshuka.

Mimi nilikuwa nimeona jambo jingine. Dada yangu, ambaye tangu utotoni haamini maziwa mpaka aingize pua yake kwenye mdomo wa bidoni, lile kopo kubwa la maziwa lenye mdomo mpana, siku ile hakuinama. Maziwa yake yametukanwa mara mbili, na yeye ananitazama mimi.

"Zaina, nusa weye," akasema polepole.

Nikanusa. Yalikuwa safi, yana harufu ya majani. "Na wewe kwa nini hunusi?"

Akaufunga mlango wa nyuma kwanza. "Siskii kitu. Tangu ile homa, wakati ule tulikuwa tunavaa barakoa wote. Nilisema itarudi. Haikurudi. Pua hakuna, ulimi hakuna."

"Miaka yote hii? Unauzaje?"

"Naangalia saa. Naangalia sura ya watu."

Nilimshika mkono nikalia, na yeye akanikemea nisimlilie dukani. Halafu akanieleza yote. Maziwa mabichi hayampi shida, akiyachemsha yakikatika ataona kwa macho. Shida ni ikivuguto. Kuganda kunaonekana, lakini uchachu hauonekani: kinaweza kuganda vizuri na bado hakijafika, au kimeshapita. Mara mbili kilikuwa kimepita akakiuza. Hajji Saidi, mteja wa tangu enzi za mama, alirudisha kikombe kikiwa kimejaa, kwa adabu, akasema ameshiba. Na Ramadhani ilikuwa imebakiza wiki tano. Kila siku ya kwanza ya mfungo, futari ya msikiti wa mtaani hufunguliwa kwa tende na ikivuguto cha duka lile. Mama alikitoa, Mariamu akaendelea.

"Nikiharibu siku ile, nafunga duka," akasema. "Jirani yangu wa kuuza kava za simu anaitaka hii nyumba. Siwezi kuwapa watu kitu ambayo mimi mwenyewe siijui."

"Mweke mtu akunusie."

"Halafu duka itakuwa ya nani? Oya, hapana, Zaina."

Diane alirudi, na Mariamu akanikubalia nimweleze. Diane alisikiliza, akasema kwa huruma kwamba tutarekebisha jeli ili inywee mapema zaidi, maziwa yakianza tu kuchacha. Mariamu akaweka mikono kiunoni.

"Nani amekuambia mimi naogopa maziwa kuchacha, mwanangu? Mimi nauza ya kuchacha! Nataka kujua saa yake tu."

Diane alikaa chini kwenye kreti. Miezi saba tulikuwa tunatengeneza jeli ya kuogopa kitu ambacho Kigali nzima inakipangia foleni. Maneno yale ya Mariamu mtayakuta yamebandikwa juu ya mizani, kwa mwandiko wa Diane. Msiyatoe.

Lakini kwanza tulitakiwa kujua kwa nini jeli inayakataa maziwa safi. Tulipima uchachu wa maziwa, haukuwa na neno. Tulibadilisha ng'ombe. Wiki mbili zikaisha hivyo. Mwishowe nikampigia simu Docteur Anselme, ambaye sasa alikuwa anafuga sungura na kusoma magazeti.

"Nini iko ndani ya maziwa?" akauliza.

"Mafuta, sukari, protini."

"Na mutoto anakunywa maziwa apate nini?"

"Mifupa," nikasema, na nikajisikia mjinga papo hapo. Kalisi! Madini yale yale ya mifupa. Kalisi ni ndugu wa chumvi, tena mwenye mikono miwili: anashika uzi huku na uzi kule, anaifunga jeli hata kama hakuna uchachu wowote. Nilifungua daftari langu la zamani. *Hii aina inaogopa chumvi.* Mstari niliupiga mwenyewe kwa wino mwekundu. Docteur alikuwa anacheka kwenye simu. "Ile chupa," akasema. "Nilikula mayai yangu bila chumvi sababu ya ile chupa."

Tulitupa nyuzi za asidi zote. Tukachukua nyuzi za aina nyingine, zinazotengenezwa kwa magamba ya kamba wa baharini, ambazo kalisi haizigusi. Hizo zina tabia ya kinyume: kwenye maziwa safi hutulia, na uchachu ukija huvimba. Kiungio tulichopata kilitoka kwenye tunda la mmea wa bustani, na kina mchezo wake. Unakichanganya hakina rangi, unakwenda kula, ukirudi jeli imekuwa buluu. Buluu iliyoiva, buluu ya kanga ya harusi! Nilikimbia na sahani yake korido nzima nikigonga milango. Nilikuwa na miaka karibu sitini na sikujali kitu.

Ikabaki kuiwekea alama. Nilikata duara jembamba la jeli, nikaliweka kwenye kisahani cha kioo, na chini ya kisahani nikachora duara kubwa zaidi kwa chaki ya fundi cherehani. Unatazama kwa chini, kupitia kioo: jeli ikivimba mpaka iguse chaki, ikivuguto kimefika. Lakini chaki ipite wapi hasa? Hapo tulihitaji ulimi, na ulimi tuliouamini ni wa Docteur, aliyekuwa amekunywa ikivuguto cha Mariamu tangu nilipompeleka pale mwaka wangu wa kwanza. Alikuja maabara siku sita na kofia yake. Nilimpa kikombe kila saa, naye anatikisa kichwa. "Bado." "Bado." "Karibu." Kisha akafumba macho: "Hii ni ya Mariamu." Nikachora. Kikombe kilichofuata alikirudisha. Diane aliandika kila kitu akiwa amekaa mbali, karibu na dirisha.

Ukaingia mwezi. Jioni ya kuamkia mfungo Mariamu alichemsha maziwa, akayapoza, akatia ikivuguto cha jana, akafunika bidoni kwa blanketi. Alichota kidogo akamimina kwenye kisahani chetu, akakiweka ubavuni mwa bidoni chini ya blanketi lile lile. Maziwa ya kisahani si ya kunywa, yanamwagwa, hilo mlizingatie. Kila kitu kilikuwa tayari.

Usiku na asubuhi ile ikanyesha mvua ya Kigali mliyoizoea, isiyo na haraka ya kuondoka. Saa tisa mchana nilifika Gitega nimelowa. Diane alikuwa pale tangu saa sita. Docteur naye alikuja, amekaa kwenye kibenchi na kikombe chake mwenyewe cha bati, kitupu.

"Hii imekuwa," Mariamu alisema, akionyesha bidoni. "Saa zake imefika. Kila mwaka saa tisa iko tayari. Na angalia, imeganda."

Nikafunua blanketi. Kilikuwa kimeganda, laini, cha kupendeza. Lakini duara la buluu lilikuwa halijagusa chaki. Lilikuwa mbali, upana wa kucha.

"Imekwama, Tantine," Diane akanong'ona. "Pengine tumekosea kiungio."

Fikirini hali yetu. Mariamu hasikii ladha. Mimi nimefunga. Diane hanywi maziwa, na hata angekunywa hajui ikivuguto ni nini. Docteur, mtu mmoja tu chumbani mle anayeweza kumaliza ubishi kwa funda moja, ni Mkatoliki na ana kikombe mkononi. Akakiinua kidogo.

"Hapana, Docteur!" Mariamu akasema. "Samehe. Kesho utakuja? Keshokutwa? Kama leo inataka mutu, duka nafunga leo. Hii kitu ya buluu iseme, ama inyamaze."

Docteur akakishusha kikombe chake magotini, taratibu, kama mwanafunzi aliyekatazwa.

Wote wakanigeukia mimi. Saa ya ukutani ilisema tayari, macho yalisema tayari, desturi ya mama yangu ilisema tayari. Jeli ilisema bado. Nikaweka kiganja juu ya bidoni, na bidoni lilikuwa baridi. Hapo nikaanza kucheka. Mvua! Chumba kilipoa usiku kucha, maziwa yalichelewa, na kile kipande kilikuwa hakijakwama, kilikuwa kinangojea. Nilikuwa nimeambiwa jambo hilo mwezi wangu wa kwanza kazini.

"Haijakataa kazi," nikasema. "Tulipashe joto."

Tulileta chupa za chai za majirani wanne, tukajaza maji ya moto, tukazipanga kuzunguka bidoni na kisahani, tukafunika kwa blanketi mbili na koti la Docteur. Saa kumi, bado. Saa kumi na nusu, jeli imesogea. Diane alikuwa amepiga magoti sakafuni na tochi ya simu, anatangaza. "Inakwenda, Tantine! Mana yanjye, Mungu wangu, inakwenda!" Saa kumi na moja vijana wa msikiti walikuja kuchukua bidoni, Mariamu akawaambia bado. Wakaangaliana. Wakarudi saa kumi na moja na nusu, akawaambia tena bado. Dakika ishirini kabla ya adhana Diane alipiga ukelele kama ule wangu wa siku ya kwanza. Buluu ilikuwa imegusa chaki pande zote.

Tulikimbia na lile bidoni kwenye matope, vijana wawili, Diane na viatu vyake vya ofisini, mimi na kata. Vikombe vilikuwa vimepangwa mkekani. Tulimimina cha mwisho adhana ikianza.

Sikunywa kwanza. Nilimtazama Mariamu, aliyesimama kwenye mlango wa wanawake akitazama sura za watu kama alivyozoea. Hajji Saidi alikula tende yake, akanywa funda, akatulia. Akanywa tena mpaka chini. Kisha akanyoosha mkono na kikombe.

"Mariamu, mwanangu," akasema, "nilifikiri umetuacha. Ongeza."

Docteur alikuwa nje barazani na kikombe chake cha bati. Alifumba macho. "Voilà, ndiyo hii," akasema, na akajifuta masharubu. Diane alionja kijiko kimoja kwa ajili ya sayansi, akameza kwa shida, na sote tulimpigia makofi.

Tuliporudi dukani Mariamu alikichukua kile kisahani, akakiinua kwenye taa. "Hii peke yake humu ndani ndiyo ilikunywa mchana," akasema, "na haikunidanganya." Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwonyesha jinsi ya kuiosha kwa maji ya magadi, inywee, irudi udogo wake, iwe tayari kwa kesho. Akaiosha kwa vidole viwili, akiisemesha.

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya kwa miaka. Alifunua bidoni tulilorudi nalo, lenye ikivuguto kidogo kilichobaki, akainama, akaingiza uso wote.

"Unasikia kitu?" nikamuuliza haraka.

"Hakuna kitu," akasema kutoka mle ndani, na nilisikia anatabasamu. "Nilikuwa naona aibu kuiinamia. Sasa nataka kuisalimia tu. Niambie weye, iko aje?"

Nikainama kando yake, bega kwa bega kama tulipokuwa wadogo, nikamwambia: majani, moshi kidogo, na uchachu ule wa mama. Duka liko wazi hadi leo. Mimi nimestaafu, lakini ile jeli bado iko kazini, na kila Jumatatu nakwenda Gitega kuchora chaki upya.